Bi Raymonde Aandamana Peke Yake

Bi Raymonde Barbazan hajawahi kununua mkate akaondoka zake. Watu wengine wote wa Montcabirol, kijiji chetu hiki cha kusini mwa Ufaransa, huingia dukani kwa Nordine, husalimia, hulipa, hutoka wakiitafuna ncha ya mkate ungali moto. Yeye huanza kwa kuukataa.

"Huu umeungua, Nordine."

"Haujaungua, Bi Raymonde. Umeiva."

"Kama huu umeiva, mimi ni bikira."

"Haya, chukua huu mweupe."

"Huu mbichi. Unataka uje uumuke tumboni kwangu?"

Hapo foleni nyuma yake huanza kuguna, na yeye ndiyo kwanza amepata joto. Atauliza habari za bega la Nordine, atasimulia habari za goti lake, atamlaumu waziri fulani, atamsifia bata fulani, kisha atachukua mkate uleule wa kwanza aliosema umeungua. Amefanya hivyo tangu marehemu mumewe Gaston yu hai, na alipokufa Gaston akaongeza muda.

Msimwone mtu wa maneno tu. Ujana wake wote aliumaliza kwenye kiwanda cha kufunga nyama ya bata makoponi, ambako mashine zilipiga kelele kiasi kwamba wanawake waliongea kwa nyusi. Alipostaafu akawa kama mtu aliyefunguliwa bomba. Binti yake, Corinne, yuko Paris. Nyumbani kuna paka na televisheni, na yeye mwenyewe huniambia, "Paka hajibu, na televisheni haisikilizi." Kwa hiyo ile kaunta ya mikate, siku nyingi, ndiyo mazungumzo yake ya kutwa nzima. Akitoka pale hana mwingine mpaka kesho.

Sasa mwaka jana Nordine alisema amechoka. Nordine Zeghoudi ni mtu wa Tarbes, ameoka hapa maisha yake yote ya utu uzima, akiamka saa ambazo hata majogoo bado wanageuka upande wa pili. Kwenye televisheni walikuwa wanabishana kama kawaida yao, Wafaransa wafanye kazi mpaka umri gani. Nordine akasema, "Wao wabishane. Bega langu limeshapiga kura." Akatafuta wa kumrithi duka, hakumpata. Vijana hawataki kuamka usiku, na sidhani kama wana makosa.

Meya wetu, Bwana Firmin Estrampes, akaleta suluhisho. Alituita ukumbini akatuonyesha picha ya sanduku refu la chuma, mfano wa kabati la nguo, lenye kioo na tundu. Unatia sarafu, unabonyeza, mkate unadondoka. Gari litaleta mikate kutoka kiwandani.

"Mchana na usiku," alisema Meya. "Hata Jumatatu!"

Watu wakapiga makofi kidogo kwa ajili ya Jumatatu, kwa kuwa siku hiyo Nordine alikuwa akifunga duka.

Bi Raymonde akasimama. "Bwana Meya, mkate ukitoka umeungua, nitamwambia nani?"

"Kuna namba ya simu ubavuni, Bi Raymonde."

"Atapokea nani?"

"Atapokea… utabonyeza moja kwa Kifaransa."

"Nibonyeze moja kwa Kifaransa! Niko Ufaransa!"

Ukumbi ulicheka, na nilimwona akikaa taratibu, akiweka mkoba magotini. Hakucheka.

Kesho yake akatangaza maandamano. Hapa mtu akikosa la kufanya huandamana, hilo halikushangaza. Alipita nyumba kwa nyumba. Kila mtu alimwambia, "Tuko pamoja nawe, Bi Raymonde!" na kila mtu alikuwa na mechi ya raga, au vitunguu saumu vya kuvuna, au mkwe. Nordine mwenyewe alimsihi aache. "Bi Raymonde, mimi nataka kulala tu. Usiandamane kunizuia nisilale."

"Wewe lala, mwanangu. Siandamani kwa ajili yako. Naandamana kwa ajili ya kaunta."

Jumamosi ya kwanza akasimama mbele ya ofisi ya meya na sufuria na upawa. Mimi nilikuwa kwenye ngazi za mkahawa hapo mkabala, nimekaa na kahawa yangu. Alikuwa anapiga sufuria na kuimba, "Mashine kwenu! Mashine kwenu!" kisha anauliza kwa sauti ya kiongozi, "Tumechoka?" na kujijibu kwa sauti ya umati, "Tumechokaaa!" Kwa mtu mmoja alijitahidi sana.

Akaja askari wa kuhesabu. Ni lazima, maandamano ni maandamano. Huyu alikuwa kijana mgeni kutoka Brittany, kule kaskazini, jina lake Kerdoncuff, jina ambalo hapa kusini hakuna aliyeweza kulitamka bila kukohoa, basi wote tukamwita Afande. Bi Raymonde hakumwamini. Nordine, ambaye babu yake alitoka Algeria, kwake ni mtu wa hapahapa, maana Tarbes si mbali. Lakini Brittany! Huko wanapikia siagi yenye chumvi, si mafuta ya bata.

Afande alikuwa na kidude cha kubofya mkononi. Akabofya mara moja.

"Mmoja," akasema.

"Mmoja vipi? Hesabu vizuri. Tuko watatu."

"Sioni watatu, mama."

"Mimi, yule mzee pale kwenye ngazi, na marehemu Gaston, ambaye angekuwepo."

Afande akanitazama. "Mzee, unaandamana?"

"Nakunywa kahawa," nikasema, na nikaona aibu hapohapo.

"Amekaa," akasema Afande. "Aliyekaa simhesabu."

"Basi mwandike nusu!"

Wanaoishi Ufaransa wanaujua ugomvi huu. Kila maandamano yana hesabu mbili: waandaaji hutaja umati wa kutisha, polisi hutaja nusu yake, na magazeti huandika zote mbili watu wachague wanayoipenda. Sijawahi kusikia mtu akizigombania kwa kichwa kimoja.

Meya akatoka nje na tabasamu, maana alikuwa mtu mpole na uchaguzi ulikuwa mbali. "Bi Raymonde, tusichoshane. Mashine inakuja mwisho wa mwezi. Lakini mimi ni mtu wa demokrasia. Jumamosi ijayo, ukileta watu mia, mashine nairudisha, na mwokaji nitamtafuta mwenyewe, hata kwa kubisha mlango kwa mlango."

"Mia?"

"Mia. Kwa hesabu ya polisi," akamwonyesha Afande, "si yako."

Montcabirol nzima, ukihesabu na waliolala kitandani, haifiki watu mia tatu. Meya alirudi ndani akipiga mluzi.

Wiki ile Bi Raymonde hakuupinga mkate hata mmoja. Aliingia, akachukua aliopewa, akatoka. Nordine alinifuata mpaka nje ya duka, unga mikononi. "Mzee, leo nimempa uliokauka makusudi. Amesema asante. Mimi naogopa."

Kule Paris, Corinne alipopigiwa simu na mama yake alifanya alichoweza akiwa mbali. Alikwenda kwa mchapaji akamtengenezea bango la kitambaa, refu, jekundu, lenye vijiti viwili, akalituma kwa posta. Lilifika Jumamosi yenyewe asubuhi. Bi Raymonde alilifungua barazani bila miwani, akaona jekundu, akaona herufi kubwa, akasema, "Mtoto huyu ana moyo." Akafunga kijiti kimoja kwenye nguzo ya taa, kingine akakishika mwenyewe.

Mimi nilikuwa kwenye ngazi zangu. Mimi si msomaji wa haraka, kwa hiyo nililisoma pole pole, na nilipofika mwisho kahawa ikanipalia. Liliandikwa hivi:

MASHINE HAIJUI KUOKA MKATE WA CHOKOLETI

Sasa hapa inabidi nisimame kidogo. Kuna andazi la matabaka matabaka, linang'aa kwa siagi, lina vijiti viwili vya chokoleti tumboni. Paris na kaskazini yote wanaliita mkate wa chokoleti. Huku kwetu kusini-magharibi linaitwa chokolatini. Usidhani ni jambo dogo. Nimeona watu wa dini tofauti wakila meza moja hapa, na wa vyama tofauti wakilala kitanda kimoja, lakini sijaona mtu hapa Gers, wilaya yetu hii, aliyesema "mkate wa chokoleti" akahudumiwa mara ya kwanza. Afande mwenyewe, wiki aliyofika, aliliagiza kwa jina la kwao, na Nordine akamuuzia mkate mkavu na kipande cha chokoleti kando.

Corinne amekaa Paris muda mrefu. Alisahau.

Wa kwanza kuliona alikuwa mwanamke anayefuga bata, akipita na kapu. Alisimama. Akasoma. Akaweka kapu chini.

"Raymonde! Umeugua?"

"Naandamana. Njoo ushike hapa."

"Nishike huo uchafu? Ndani ya kijiji chetu?"

"Uchafu gani?"

"Soma bango lako, mwanamke!"

Bi Raymonde akatafuta miwani mkobani, akaivaa, akasoma. Nilimwona akishika kifua. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye fundo la kamba alishushe. Lakini yule wa bata alikuwa ameshapiga picha kwa simu, na kabla fundo halijalegea, wawindaji wawili walikuwa wameshatokea kona ya kanisa wakipiga kelele.

"Nani kaweka hiyo kitu?"

"Kwani tumekuwa kitongoji cha Paris?"

Nyuma yao akaja kinyozi na mteja wake, mteja amenyolewa upande mmoja. Halafu familia nzima na gari la mtoto. Afande, aliyekuwa ameegemea ukuta akipiga miayo, akasimama wima. Nikasikia kidude chake: tik. Tik. Tik tik.

Bi Raymonde alisikia pia. Mkono wake ukabaki palepale kwenye fundo. Akamtazama Afande, akautazama umati, akalitazama bango. Neno lile hajawahi kulitamka tangu azaliwe. Mama yake angemtia sabuni mdomoni. Akakaza fundo.

"Mkate wa chokoleti!" akapaza sauti, macho ameyafumba kama mtu anayekunywa dawa chungu.

"Chokolatini!" wakanguruma.

"Mkate wa chokoleti! Ndilo jina lake! Paris wanajua!"

"Chokolatiniii!"

Tik tik tik tik. Picha ilikuwa imeshaingia kwenye simu za kijiji, na kutoka hapo ikavuka mto. Likaja basi la timu ya raga ya kijiji jirani, ambao hawajawahi kukubaliana nasi hata juu ya bei ya bata, wakashuka wakiwa na jezi zao wakaungana na wetu bega kwa bega. Mtu akaleta jiko la mkaa na mioyo ya bata ya kuchoma, kwa kuwa hapa hakuna hasira inayoandamana na njaa. Nordine akaamshwa na kelele, akatoka na nguo ya kulalia na makoti mawili juu.

"Bi Raymonde! Wewe? Mimi nimeoka chokolatini maisha yangu yote! Sijawahi kuoka hiyo kitu!"

"Umeoka! Na uliunguza!"

"Sijaunguza!" akapiga kelele Nordine, na tik, akahesabiwa.

Meya alikuwa dirishani ghorofani, ameshika kikombe, anacheka mpaka mabega yanatikisika. Akamwita Afande. "Afande! Usisumbuke kuhesabu! Hawa wanaandamana dhidi yake!"

"Bwana Meya, mimi nahesabu vichwa," akajibu Afande bila kuinua macho. "Yaliyomo ndani hayanihusu."

Kicheko cha Meya kikasimama kidogo.

Sasa tatizo likawa jingine. Saa sita ilikuwa inakaribia. Mnaweza kuangusha serikali nchi hii, lakini kabla ya saa sita au baada ya saa nane. Katikati watu wanakula. Tayari wanawake walikuwa wanaangalia saa, na wa pembeni walianza kusogea kuelekea majumbani, wakipaza sauti lakini miguu ikirudi nyuma.

"Afande, ngapi?" akauliza Bi Raymonde kwa kunong'ona.

"Tisini na nane."

Akanigeukia. Alinitazama tu kama anavyoutazama mkate. Nikaweka kikombe chini, nikashika nguzo, nikasimama. Magoti yalipiga kelele kuliko mimi. Nikasema "chokolatini" kwa sauti ya kawaida, ndiyo yote niliyoweza.

"Amesimama," akasema Afande, kwa upole kabisa. Tik. "Tisini na tisa."

Akabaki mmoja. Kwenye uwanja ule kila aliyekuwa na mdomo alishapiga kelele. Kengele ya kanisa ikaanza kujivuta kama inavyofanya kabla ya kulia. Bi Raymonde akainua uso mpaka dirishani, akavuta pumzi aliyoibana miaka yote ya kiwandani.

"Na Meya wetu yuko upande wangu!" akalia. "Meya Estrampes anasema mkate wa chokoleti! Ndiyo maana kaleta mashine! Kwenye kitufe chake imeandikwa mkate wa chokoleti!"

Vichwa vyote vikainuka dirishani. Yule wa bata akauliza taratibu, "Firmin, kweli?"

"Uongo!" Uso wa Meya ukawa mwekundu kama lile bango. "Uongo mtupu! Nani kasema? Mimi?" Akatoweka dirishani, tukasikia viatu kwenye ngazi, mlango ukafunguka kwa kishindo, akatokea nje bado ana kikombe, kahawa inamwagika kwenye mkono wa shati. Akasimama katikati ya uwanja. "Babu yangu alizikwa hapa! Baba yangu alizikwa hapa! Chokolatini! Mnanisikia? CHOKOLATINI!"

Tik.

Afande akakitazama kidude chake muda mrefu, kama mtu anayehakikisha namba ya bahati nasibu. "Mia," akasema.

"Mimi… mimi sihesabiwi. Mimi ni Meya."

"Umesimama, Bwana Meya. Na umepiga kelele."

Ndipo kengele ikalia, na uwanja ukawa mtupu mara moja, maana chakula kilikuwa tayari. Walibaki Bi Raymonde, Meya, Afande na mimi, na jiko la mioyo ya bata ambalo mwenyewe alilisahau. Bi Raymonde akashusha bango, akalikunja upande wa maandishi ndani, akalikunja tena, akalikalia. Akamnyooshea Afande kijiti cha nyama. "Kula, mwanangu. Kwenu wanaliita vipi hili?"

"Moyo wa bata, mama."

"Angalau hilo mnalijua."

Mwandishi wa gazeti la wilaya alifika amechelewa, akauliza idadi. Afande akasoma kidude chake. Bi Raymonde akaulizwa kama mwandaaji, naye hasemi uongo kwa gazeti ambalo Gaston alikuwa akilisoma. Jumatatu tuliona limeandika: watu mia moja kwa mujibu wa polisi, mtu mmoja kwa mujibu wa waandaaji. "Kwa ajili ya kaunta nilikuwa peke yangu," alisema. "Wengine walikuja kunitukana." Nimeambiwa kule makao makuu walimpigia simu Afande kumuuliza kama ni mzima. Na jioni ya Jumamosi ile kwenye televisheni walikuwa wanabishana tena, wakubwa wa Paris na tai zao, Mfaransa hasa ni nani, na nikasikia kwamba kijijini kwetu hakuna aliyewasha. Watu walikuwa wamekauka koo.

Meya alitimiza ahadi, nampa haki yake. Mashine ilirudishwa kwenye gari lilelile lililoileta. Yeye akapiga simu nchi nzima, akaenda mpaka shule za waokaji, na baada ya miezi kadhaa akampata kijana mmoja wa milima ya Jura, anaitwa Thibault, mrefu, mwembamba, mikono mikubwa, mwokaji mzuri ajabu. Nordine alimwachia funguo akaenda kulala, na kwa habari nilizonazo bado amelala.

Kasoro ya Thibault ni moja. Haongei. Si kiburi, ni haya tu. Ukimsalimia anatikisa kichwa, ukimsifia mkate anatazama viatu. Kijiji kizima tulimwonea huruma Bi Raymonde. Kaupigania mdomo, kaletewa ukuta.

Siku ya kwanza ya duka kufunguliwa tulijipanga nje tangu mapema, naye mbele. Akaingia. Kupitia kioo tulimwona akiinua mkate, akiugonga kwa kidole, akiutingisha karibu na sikio. Tulimwona akiongea, na kuongea, na mikono. Thibault alisimama kama nguzo. Foleni ilianza kuguna, akageuka akatutazama tukanyamaza. Mwishowe akatoka, mkate kwapani, mashavu mekundu kama ametoka dansini.

"Haya, amesema nini?" akauliza yule wa bata.

"Amesema euro moja na senti ishirini."

"Basi?"

"Basi."

"Pole, dada."

"Pole ya nini?" Bi Raymonde akang'ata ncha ya mkate, akaitafuna bila haraka huku anatabasamu peke yake. "Hamkusikia alivyoisema. Huyo ana mambo mengi ndani. Nipeni mpaka Krismasi."